Mazungumzo ya Nyumbani: Askari wa Damu na Mjumbe wa Kukua

Mwezi huu twataka kusema habari za mtoto asiyekua, maana jambo hili limevunja nyumba nyingi katika nchi yetu ya Singida, nazo zimevunjika kwa sababu ya kutojua.

Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja jina, alikuwako mama kijana mwenye mtoto wa miezi 14. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri; lakini tangu alipoota meno ya kwanza alishikwa na homa, kisha kuhara, kisha kikohozi, kisha kuhara tena. Siku alipopimwa zahanati, urefu wake ulikuwa sawa na wa mtoto wa miezi 9. Mama mkwe alipoisikia habari hiyo alitikisa kichwa, akasema, "Mtoto huyu amebemendwa." Kila mtu hapa ajua maana ya neno hilo: ya kuwa mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa wakati mtoto angali akinyonya, na kosa lile limeharibu maziwa. Wala baba haulizwi. Aulizwaye ni mama. Mama yule akalia, akaapa, asiaminiwe. Wakamwamuru amwachishe mtoto ziwa siku ile ile, naye arudi kwao mpaka wazee wakutane.

Wazee walikutana, na mwalimu wa shule akaitwa ili aandike maneno. Akaingia, akasema, "Shikamoo, Babu." Mzee wa nyumba akaitika, "Marahaba, mwanangu. Keti uandike." Mwalimu akasema, "Babu, kabla sijaandika neno la kumshitaki mtu, naomba ruhusa niulize moja tu. Mtoto hukuzwa na nini?" Mzee akafikiri kidogo, akajibu, "Na chakula, mwanangu." Mwalimu akauliza tena, "Na chakula chajuaje kwamba yapasa kuurefusha mfupa?" Mzee akanyamaza. Basi swali hilo ndilo tutakalolijibu leo, kwa kadiri ya yale ambayo mabingwa wameyaona.

Chini ya ubongo, nyuma ya shina la pua, iko tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama mbegu ya mbaazi. Tezi hii hutengeneza vitu viitwavyo homoni. Homoni ni mjumbe: hutoka mahali pamoja, huchukuliwa na damu, hufika mbali, na huko husema neno lake. Mjumbe mmoja katika hao ni homoni ya ukuaji. Mwaka 1944 Choh Hao Li na Herbert Evans, mabingwa wa California huko Marekani, walifaulu kuitoa safi katika tezi za ng'ombe. Baadaye ikajulikana ya kuwa homoni hiyo katika mwanadamu ni mnyororo wa protini wenye viungo 191, vilivyofuatana kama shanga katika uzi.

Tezi haimtoi mjumbe huyu kama maji ya mto yasiyokatika, bali humtoa kwa mikupuo. Na kwa mtoto mkupuo mkubwa hutoka usiku, muda mfupi baada ya kushikwa na usingizi mzito. Juu ya tezi, katika ubongo, wako wasimamizi wawili. Mmoja asema, "Toa," na wa pili asema, "Zuia." Yule wa kuzuia, aitwaye somatostatini, alitambuliwa mwaka 1973, na yule wa kutoa alitambuliwa mwaka 1982. Hata mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walimvumbua wa tatu, ghrelini, ambaye hutoka katika tumbo lenyewe, hasa wakati wa njaa, naye pia huiamuru tezi itoe.

Homoni ikiisha kutoka hufika katika ini. Ini likiisikia hutoa mjumbe mwingine, aitwaye IGF-1. Huyu pamoja na homoni yenyewe hufanya kazi katika gegedu lililo karibu na ncha za mifupa, mahali mfupa wa mtoto unaporefukia. Shikeni neno hili, maana tutalirudia: kichwa hutuma, ini husikia, mfupa hurefuka. Lakini ini lisiposikia, kichwa kitatuma bure.

Sasa tuwaache wajumbe kidogo, tuwatazame askari. Ndani ya damu zimo chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Huzaliwa katika uboho wa mifupa. Zile ziitwazo chembe T huenda kufundishwa kazi yake katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Na zile ziitwazo chembe B ndizo zitengenezazo silaha ziitwazo kingamwili. Nyingi hukaa katika wengu, na katika vile vitezi vya shingoni na kinenani ambavyo huvimba mtu anapopata kidonda, tukasema ameota mtoki. Kuvimba huko ni kwa sababu askari wanazaana kwa haraka wapate kumkabili adui.

Tangu zamani mabingwa walihisi ya kuwa iko njia kati ya tezi ya kichwani na askari hawa. Mwaka 1930 Philip Smith, bingwa wa Marekani, aliiondoa tezi ya pituitari katika panya, akaona ya kwamba panya waliacha kukua, na tena tezi yao ya thaimasi ilinywea. Hata hivyo kwa miaka mingi watu walidhani kwamba tezi ya kichwani pekee ndiyo imtengenezayo mjumbe huyu, nao askari humpokea tu, kama askari wa mpakani apokeaye posho kutoka mji mkuu.

Mwaka 1988 dhana hiyo ilitikiswa. Douglas Weigent, Edwin Blalock na wenzao, wa mji wa Birmingham katika jimbo la Alabama, walizikuza chembe nyeupe za damu peke yake katika chombo, mbali na tezi yo yote. Kisha wakachunguza majimaji yaliyozizunguka. Ndani yake wakakuta kitu kilichotambulikana kuwa homoni ya ukuaji. Kumbe askari hangoji posho ya mji mkuu peke yake. Anacho kijungu chake mwenyewe, naye hupika njiani. Katika miaka iliyofuata mabingwa wengine, miongoni mwao Naoki Hattori wa Japani, waliipima homoni itolewayo na chembe za damu za wanadamu, wakalithibitisha jambo hili.

Labda msomaji atauliza, yawezekanaje chembe ya damu kufanya kazi ya tezi ya kichwa? Jibu ni hili. Kila chembe ya mwili iliyo na kiini hubeba kitabu kizima cha urithi, tulichopewa na baba na mama. Sura ya homoni ya ukuaji imo katika kromosomu ya 17. Lakini kuwa na kitabu si kukisoma. Chembe ya ngozi inayo sura ile, ila imefungwa. Katika tezi ya pituitari iko protini iitwayo Pit-1, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sura hiyo; na ufunguo uo huo umeonekana pia katika chembe za kinga.

Basi sura ikiisha kufunguliwa, hunakiliwa katika barua fupi. Barua hutoka katika kiini cha chembe, hufika kwa mafundi wadogo waitwao ribosomu, nao huisoma na kutunga viungo vya protini kimoja baada ya kimoja. Mnyororo utokapo kwa mafundi huwa na kipande cha mbele cha viungo 26, ambacho kazi yake ni kuonyesha njia tu. Kikiisha kuonyesha njia hukatwa, vikabaki viungo 191. Kisha mnyororo hukunjwa, hupitishwa katika vyumba vya ndani ya chembe, hutiwa katika kifuko kidogo, na kifuko kikifika ukutani mwa chembe hufunguka nje, na homoni hutoka.

Hapa pana tofauti ya kuangaliwa. Tezi ya kichwani huiweka homoni iliyo tayari katika ghala, yaani katika vifuko vingi sana. Na amri ya "Toa" ifikapo, kalsiamu huingia katika chembe na vifuko hufunguka kwa wingi. Ndiyo sababu hutoka kwa mikupuo. Askari hana ghala kubwa namna hiyo. Yeye hutengeneza na kutoa kidogo kidogo. Tena imeonekana ya kuwa chembe za kinga hutengeneza hata yule msimamizi wa kusema "Toa," hivyo zaweza kuamrishana zenyewe kwa zenyewe.

Homoni ya askari ni kidogo mno ukiilinganisha na ile ya tezi. Haiwezi kuurefusha mfupa wa mtoto. Basi yafaa nini? Hufanya kazi papo hapo ilipotoka. Askari anao masikio yake, yaani vipokezi, juu ya ngozi yake. Humsikia mjumbe aliyemtoa mwenyewe, na jirani yake husikia pia. Wakisikia huzaana zaidi. Jambo hili lilijaribiwa mwaka 1991: Weigent na wenzake waliifunika ile barua ndani ya chembe za panya ili mafundi wasiweze kuisoma, na chembe zile zikapungua kuzaana.

Lakini na tuseme kweli yote, tusije tukaipaka habari hii mafuta kupita kiasi. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa homoni ya ukuaji kutoka kichwani, nao kwa kawaida hawafi kwa maradhi ya kuambukiza kuliko wengine. Kinga yao husimama. Kwa hiyo homoni hii kwa askari ni msaidizi, si nguzo ya nyumba. Ila njia ambayo ujumbe wake hupita ndani ya chembe ni ya maana kubwa. Mwaka 2003 madaktari walitoa habari za msichana wa Argentina aliyerithi kasoro katika protini iitwayo STAT5b, ambayo hupokea neno la homoni na kulipeleka ndani ya kiini. Msichana huyo alikuwa mfupi sana, na papo hapo kinga yake ilikuwa dhaifu. Njia moja ilipozibwa, mfupa ulikosa na askari alikosa.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, wakaa Waefe, watu wa kimo kifupi, wawindaji hodari na wajuzi wa asali. Mabingwa walitaka kujua sababu ya kimo chao. Hawakuweza kuukata mfupa wa mtu mzima ili wautazame. Lakini kwa kuwa askari wa damu husikia ujumbe ule ule usikiwao na mfupa, walichukua damu, wakazikuza chembe T za Waefe katika chombo, wakazipa homoni ya ukuaji na IGF-1. Katika habari zilizotolewa kuanzia mwaka 1993, Mitchell Geffner, Robert Bailey, David Golde na wenzao walionyesha ya kuwa chembe hizo hazikuzaana kwa IGF-1 kama chembe za watu wengine. Na mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba vipokezi vyake vya IGF-1 vilikuwa vichache. Mabingwa wa baadaye wameona ya kuwa kimo cha watu wa misituni kina sababu nyingi za urithi, si moja. Lakini angalieni neno hili: kimo cha Mwefe si ugonjwa wala aibu. Ni urithi wake, kama vile Mtaturu alivyo na wake. Yeye ni mzima katika kimo chake. Mtoto wetu wa miezi 14 siye wa namna hiyo. Ndugu zake ni warefu, naye alianza vizuri, kisha akasimama. Basi kwake yeye twatafuta sababu nyingine.

Turudi kwa lile neno tulilosema mlishike: ini lisiposikia, kichwa hutuma bure. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Cape Town, miongoni mwao Bernard Pimstone, walipima damu ya watoto wenye kwashiorkor. Walitazamia kukuta homoni ya ukuaji imepungua. Wakakuta imezidi! Kazi ya namna hiyo ilifanyika pia Uganda. Mtoto hakui, na mjumbe wa kukua amejaa tele katika damu yake. Sababu ni kwamba penye upungufu wa chakula ini halitoi IGF-1 ya kutosha. Nacho kichwa, kwa kuwa hakipati jibu, huzidi kutuma. Ni kama mtu apigaye hodi usiku kucha katika nyumba ambayo wenyewe wameufunga mlango kwa komeo.

Na si njaa pekee iufungayo mlango. Askari wa damu wanapopigana hutoa wajumbe wengine, wajumbe wa vita, kama IL-6 na TNF. Hao huleta homa, huondoa hamu ya kula, na huliambia ini, "Acha mambo ya kujenga, tengeneza silaha." Ndipo ini huacha kuisikia homoni ya ukuaji. Mwaka 2014 Andrew Prendergast na wenzake walitoa habari za watoto wachanga wa Zimbabwe: wale waliodumaa walikuwa na dalili zaidi za vita katika damu, na IGF-1 yao ilikuwa pungufu, tangu majuma ya kwanza ya maisha.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Askari huyu huyu kwa mkono mmoja atoa homoni ya ukuaji, na kwa mkono wa pili auzuia ukuaji! Lakini hakuna kupingana. Fikirini moto ukishika mbuga karibu na kijiji. Wanaume wote huacha kujenga, hata nyumba iliyofika kwenye kenchi huachwa bila paa. Na wanawake huwapikia wazima moto papo hapo penye moto. Chakula kile si cha karamu ya kijiji, ni cha wapiganaji tu. Vivyo hivyo homoni ya askari ni chakula cha vita, hugawiwa askari kwa askari. Na ujenzi wa mifupa hungoja mpaka moto uzimike. Kwa mtoto anayeugua mara moja, moto huzimika, naye hukua haraka akafidia siku zilizopotea. Lakini mtoto ambaye moto wake hauzimiki, leo tumbo, kesho kifua, keshokutwa malaria, ujenzi wake haufunguliwi tena. Siku zenyewe hupita. Na siku zilizo na faida kuu ni tangu mimba mpaka miaka 2. Zikiisha kupita ni vigumu sana kuzirudisha.

Jambo hili limechunguzwa karibu na mlango wetu. Ng'ambo ya mpaka wa mkoa wetu, katika Manyara, iko hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei katika miaka ya 1950, na ambayo watu wengi wa Mkalama na Iramba huiendea. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa mahali pamoja kati ya mahali 8 duniani ambapo watoto walifuatwa tangu kuzaliwa, wakipimwa kimo na kuchunguzwa choo. Ikaonekana ya kuwa watoto wengi walikuwa na vijidudu vya maradhi tumboni hata siku ambazo hawakuhara kabisa. Na baadhi ya vijidudu hivyo, kama shigela, vilifuatana na upungufu wa kimo. Yaani moto huweza kuwaka chini ya majivu, mama asione moshi.

Kisha wakasema, "Na tuwape dawa za kuwaua vijidudu hao kwa nyakati zilizopangwa, hata kama hawaumwi, tuone kama watakua." Watoto 1,188 wa sehemu za Haydom waliingizwa katika jaribio hilo, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Watoto waliopewa dawa hawakuwa warefu kuliko wale wasiopewa. Ndugu zangu, neno hili ni la thamani kubwa ijapokuwa si la furaha. Latufundisha kwamba hakuna kidonge cha kununua dukani kitakachomrefusha mtoto, maana leo wamwua kijidudu, na kesho anywa maji yale yale, na kutambaa katika uwanja ule ule walimolala kuku na mbuzi. Kwa hiyo yeyote ampaye mtoto dawa za vijidudu bila amri ya mganga, kwa kutumaini atarefuka, apoteza fedha zake na kumdhuru mtoto. Kadhalika iko homoni ya ukuaji itengenezwayo viwandani, ambayo tangu mwaka 1985 hutumiwa kuwatibu wale wenye upungufu halisi. Hao ni wachache, nao hupimwa na daktari. Mtoto aliyedumaa kwa njaa na maradhi haponywi na sindano hiyo. Maana hakukosa mjumbe, alikosa wa kumsikia.

Mwalimu wetu aliyaeleza haya kwa maneno machache kuliko tulivyoandika sisi, kisha akasema, "Babu, serikali ilipowapima watoto wa Tanzania mwaka 2022, iliona ya kuwa katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Kama kila mtoto aliyedumaa ni ushahidi wa uzinzi wa mama yake, je, tuwafukuze akina mama wangapi? Na tutamwacha nani awapikie uji waliobaki?" Wazee wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alimkumbuka mtoto wa nyumba yake.

Yule mama mkwe akasema, "Basi mwalimu, wasema uzinzi hauna madhara?" Akamjibu, "Sikusema hivyo, Mama. Uzinzi huvunja ndoa, tena huleta maradhi. Virusi vya UKIMWI vyaweza kupita katika maziwa ya mama asiyetibiwa, na ndiyo sababu akina mama hupimwa kliniki na kupewa dawa ili wanyonyeshe kwa usalama. Lakini kulala na mtu hakuyageuzi maziwa yenyewe kuwa sumu, wala kimo cha mtoto hakishuhudii lolote juu ya mwenendo wa mama yake. Kumshuhudia mtu neno tusilolijua, hilo nalo ni dhambi, na leo tulikuwa karibu kuliandika katika daftari."

Basi, wasomaji wapendwa, tufanye nini nyumbani mwetu? Kwanza, mtoto asiachishwe ziwa kwa sababu ya neno la bemenda. Mtoto mgonjwa akiachishwa ghafula hupoteza chakula na silaha kwa pamoja, maana katika maziwa ya mama zimo kingamwili. Anyonye maziwa matupu miezi 6, kisha aongezewe vyakula, na kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 au kupita.

Pili, uji mtupu wa mahindi haujengi. Nchi yetu ina uwele, mtama, karanga, kunde, mafuta ya alizeti, mlenda, maziwa na asali. Ila asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Tena ina kuku ambao sifa zao zimefika Dar es Salaam. Kila siku matenga ya kuku na trei za mayai hupakiwa katika magari, na mtoto wa mwenye kuku hajaonja yai mwezi mzima. Uzeni, maana fedha ni lazima. Lakini yai la mtoto litengwe kabla ya kwenda mnadani. Karanga na mahindi yakaushwe vizuri, na yaliyoota ukungu yasiliwe; kumbukeni mwaka 2016, ambapo sumu ya ukungu iliwaua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara.

Tatu, uzimeni moto kabla haujawaka. Chanjo zote zitimizwe. Mtoto alale ndani ya chandarua. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha, na mtoto atandikiwe mkeka safi, asichezee mavi ya kuku. Akiugua, apelekwe zahanati siku ile ile. Na akipona, aongezewe chakula, maana ndizo siku ambazo ini limefungua mlango tena.

Nne, mlazeni mapema. Mkupuo wa usiku haumjii mtoto anayebebwa ngomani mpaka usiku wa manane. Na tano, akina baba, ombeni mtoto apimwe urefu na si uzito peke yake, mkaitazame kadi yake wenyewe. Anayeisoma kadi mapema huuona moto ungali cheche.

Ama yule mama, hakurudishwa kwao. Daftari la mwalimu lilifungwa bila kuandikwa neno. Mtoto alirudishwa ziwani jioni ile, na kesho yake baba yake mwenyewe alimpakia katika baiskeli akampeleka zahanati, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu azaliwe. Hatuwezi kuwaambia kwamba amewafikia wenzake kwa kimo. Bado ni mfupi, na huenda akabaki hivyo. Lakini kuhara kumekoma, na mstari katika kadi umeanza kupanda. Na mama mkwe, ambaye hakusema neno la kuomba radhi, huonekana kila asubuhi akimmenyea mjukuu wake yai. Wanaoijua nyumba hiyo wasema mkwewe amelielewa neno lile lisilosemwa.

Mwezi ujao, tukijaliwa uzima, tutasema habari za maji ya visima na jinsi ya kuyatunza.